Dakika Hamsini na Tano

Hakuandika salamu. Alituma namba ya tiketi tu,
na jina langu limeliwa herufi moja: Butoi,
kama mtu anayenisikia kwa jirani.
Miaka tisa kimya, halafu hilo.

Uwanjani Tabora nikamuuliza binti wa mizani,
"Kigoma ni mbali kiasi gani?"
"Dakika hamsini na tano," bila kuinua uso.
Sikuuliza muda, mwanangu.
Akatazama kompyuta. "Kilomita mia tatu na hamsini. Hewani."
Akaitazama na ndoo yangu ya asali. Ndoo haipandi.
Nikamwachia bodaboda aliyenileta,
akaipokea kwa mikono miwili, hakuuliza ilikuwa ya nani.

Mimi umbali huo naujua kwa majina.
Usoke. Urambo. Kaliua.
Usinge, treni inasimama na hakuna anayejua kwa nini.
Nguruka, mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Malagarasi huioni usiku,
unasikia tu chuma kikibadilisha sauti chini ya miguu yako.
Uvinza. Kazuramimba, na behewa zima limesharudia Kiha.

Nilikuwa nimeuwekea hesabu usiku huo.
Hadi Kaliua ningekasirika.
Hadi Nguruka ningechoka kukasirika.
Uvinza, kwenye baridi ya alfajiri, shuka mabegani,
ningetunga neno la kwanza.

Ndege haina Uvinza.

Mabani ya tumbaku yakapita chini, madogo kama viberiti,
kisha miombo, miombo, miombo.
Nikaanza: Kaka.
Nikafuta. Kaka kwa tofauti ipi?
Nikaanza: Ile michikichi ya mama.
Nikafuta upesi, kabla hata moyo haujasoma.
Mhudumu akapita na maji na korosho.
Nikaanza: Habari za
na masikio yakaziba.

Mama alikuwa akisimulia, akichambua dagaa, hatutazami:
Bukuru alitoka redio ikifungua taarifa ya habari ya saa mbili.
Wewe, taarifa ikaisha, matangazo ya vifo yakaisha,
wakapiga muziki wa bendi,
mkunga ameshanawa, ameshavaa kandambili, yuko mlangoni,
ndipo ukakumbuka kuja.
Saa nzima kasoro dakika tano.

Nikauliza kioo cha dirisha: hamsini na ngapi?

Kumbe safari hii nimeshawahi kuifanya,
gizani, bila tiketi, bila sentensi mdomoni,
nikimfuata mtu yuleyule.
Na wakati ule pia hakunisubiri, alitangulia kulia.

Ziwa likainuka upande wa bawa, kubwa, halina haraka.
Magurudumu yakagonga. Neno sina.

Alikuwa nyuma ya uzio, kwenye jua,
na vivuli viko tele.
Upara ule ni wangu. Tumbo lile ni langu.
Fimbo ndiyo sikuijua,
wala ule mguu aliouegemeza kwenye nguzo
kama kitu cha kuazima.

Akatazama kifundo cha mkono usio na saa.

"Umechelewa tena," akasema,
akanyoosha mkono, si wa salamu, wa kupokea begi.
Begi lilikuwa jepesi, ndoo imebaki Tabora.
Nikampa hivyohivyo.
Tukatembea kwa mwendo wa fimbo.