Hodi ya Pili

Redio ilisema asubuhi, tarehe tisa Desemba,
nabangua korosho, vidole nimevipaka majivu
ganda lisiniunguze:
wafungwa elfu moja na mia kadhaa,
kwa huruma ya mkuu wa nchi.
Majina hayakutajwa.
Jina nililijua kabla ya jua kufika utosini,
kwa jinsi Kitangari yote ilivyonyamaza
nilipokwenda kununua maji.

Chinduli ametoka Lilungu.
Chinduli aliyempiga Mfaume wangu kwa mpini wa jembe
mlangoni pa ghala la chama cha msingi,
kwa magunia mawili ya korosho,
tena daraja la pili.
Jaji alisema miaka kumi na mitano.
Nikahesabu: mwanangu atakuwa ameoa.
Imekwenda sita. Mwanangu yuko darasa la saba.

Dukani kwa Mchopa wanabishana.
Huyu: kalamu ni ya Rais, katiba imesema, basi.
Yule: iweje mtu wa Dodoma asamehe damu
ambayo hakuifua kwenye shati?
Mwalimu Nanjota anataka kamati, na mafaili, na mihuri.
Fundi viatu, sindano mdomoni:
aulizwe mjane.

Niulizwe!
Ningeulizwa mwaka ule, ningemtafuna mbichi.
Ningeulizwa mwaka korosho zilipokosa bei,
mama yake akanijia na mbuzi wawili,
labda ningepokea kamba, niseme yamekwisha.
Ningeulizwa usiku ule wa homa,
mwanangu kalegea kama kitambaa,
na aliyembeba mgongoni hadi zahanati
ni mdogo wake Chinduli,
ningesema mfungulieni sasa hivi, hata alfajiri msingoje.
Ufunguo gani huo, unaobadilika meno kila nikilia?

Na kijiji tukikipa?
Kijiji kina mashemeji, kina madeni,
kina uchaguzi wa mwenyekiti mwakani.

Aliye mbali ana faida yake: hamjui mbuzi wa mtu.
Ila hakuisikia filimbi ya Mfaume,
ile aliyoipuliza mara moja tu,
nami nikaisikia,
nikajigeuza upande wa pili, nikalala.
Hilo langu, nilipeleke ofisi gani?

Jioni amekuja.
Kasimama nje ya ua, mfuko wa rambo mkononi,
shingo imekuwa nyembamba, kola inamzidi.
Hodi.
Mwanangu kaacha kuandika.
Hodi.

Lango la chuma wamelifungua wenye kalamu.
Hili langu ni la makuti, halina kitasa,
kuku hupita,
mvua hupita,
yeye hapiti.

Hodi ni tatu, kisha mtu huenda zake.
Namsikia anameza mate.
Majivu yamenikauka vidoleni, yanapasuka.
Bado moja.