Vijumba Vitatu

Saa kumi na mbili asubuhi, Mafinga, mwezi wa saba.
Kipimajoto cha ukutani kinasema nne.
Nje nyasi zimevaa sakitu,
na sisi humu ndani tunayeyusha gundi
kwa nyuzi mia moja na sabini.
Maji ya moto hayachomi nyumba, walisema;
hawakuwahi kushika hii.
Muulize Kikoti, kiganja chake cha kushoto
hakikunji tena.

Bosi Ngimbudzi ameniachia karatasi yenye vijumba vitatu:
rola, mdomo, mnyunyizo.
Weka tiki, Atupelye. Ijumaa nataka jibu,
benki haikopeshi "labda".

Rola ndiyo niliyoikuta.
Ubao ukija na kifundo, inapanda;
ukija umepinda, inafuata, hainung'uniki.
Ikiharibika, mchonga vyuma wa pale stendi
anaitengeneza kabla ya chai ya saa nne.
Ila sinia lake liko wazi kutwa nzima
na gundi inazeekea humo:
rangi ya asali, kisha ya chai iliyochemshwa mara tatu,
kisha inaungua,
na punje nyeusi zinalala chini ya karatasi ya urembo
kama mchanga kwenye ugali.
Mteja wa Makambako alirudisha milango kumi na moja.
Hakusema kitu. Alipitisha ukucha tu.

Mdomo ni mpasuko katika chuma.
Gundi hutoka pipani ikafika kazini
haijaonja hewa.
Uambie gramu arobaini, utatoa arobaini.
Lakini ni mdomo wa mwenye kiburi:
hautaki vumbi,
nasi tunaishi kwa vumbi la misonobari,
tunalipiga chafya hadi kanisani.
Punje moja ikikwama,
mlango mzima unabaki na mstari mkavu.
Na mbao zetu, unene unapishana milimita mbili.
Utagongwa siku ya kwanza.

Mnyunyizo mgeni wa mashine alinionyesha kwenye simu:
nyuzi za gundi zinazunguka hewani
kama buibui aliyelewa.
Mzuri, jamani. Haugusi kitu.
Nikamwuliza, hii ilipigwa wapi?
Ndani, akasema, kwenye joto la ishirini na tatu.
Nikamtoa uani. Nikachovya kijiti, nikakipeperusha.
Uzi uliganda kabla haujatua.
Akacheka, akapandisha zipu ya koti.

Jana usiku usingizi ulinigomea.
Nikamkumbuka kaka yangu Asajile, Tukuyu,
tukitega chiriku kwa ulimbo.
Mimi nilipanda mtini na kopo langu,
nikapaka tawi baada ya tawi,
magome, ukungu, sisimizi, vyote.
Yeye alikaa jikoni karibu na moto,
akapaka vijiti vyake laini kimoja kimoja,
kisha akaenda kuvichomeka mtini.
Mimi nilinasa majani na nywele zangu mwenyewe.
Yeye alinasa ndege.

Leo Lwidiko ameingia anasukuma roli la karatasi ya urembo:
nyororo, safi, unene mmoja mwanzo hadi mwisho.
Nikasimama katikati ya njia mpaka akanipigia mluzi.
Miezi miwili tumebishana gundi ipakwe na nini.
Hakuna aliyeuliza ipakwe wapi.

Nimeweka tiki kwenye mdomo,
na pembeni, kwa kalamu inayokata wino, nimeandika:
*juu ya karatasi, si juu ya ubao.
Taa sita za joto, ubao upite chini yake kwanza,
usikutane na gundi ukiwa baridi.*

Kikoti amesoma begani kwangu.
"Na rola?"
Itabaki, nimemwambia. Itakandamiza.
Ameitikia kwa kichwa, akaenda kuzima moto wa sinia.
Gundi imeanza kuganda kutoka pembeni.

Sijui kama nimepatia.
Mwezi wa kwanza mvua itakuja, mbao zitavimba,
na ukucha wa yule wa Makambako
bado ni mrefu.