Mgeni Njoo

Saa kumi na moja alfajiri nafungua kabati la joto,
nyuzi thelathini na saba, kama kwapa la mtoto aliyelala,
natoa visahani kimoja kimoja.
Chakula chake ni maji mekundu kidogo,
komamanga la Jabal Akhdhar kabla halijakolea.
Chini yake kuna utando usioonekana
mpaka uinamishe sahani kwenye taa:
mvuke juu ya kioo, basi.

Hizi hazikuzaliwa ngozi.
Zilikuwa seli shina, hazijachagua kazi,
zingeweza kuwa moyo, au ini, au zisiwe kitu.
Wiki saba nimezibembeleza,
tone hili leo, kesho nizinyime lile,
mpaka zikakubali kulala ubavu kwa ubavu
kama vigae.
Mtoaji simjui. Ni namba na herufi mbili.

Naendesha kutoka Al Khoudh, sanduku kiti cha mbele,
nimelifunga mkanda.
Mama anapiga simu: nimekunywa chai?
Miaka hamsini yuko Maskati
na bado anapima umbali kwa Darajani.

Wodi ya vidonda, kitanda cha nne: Hilal wa Barka,
mpika haluwa, mtoto wa mpika haluwa.
Usiku wa kuamkia Arafa, sufuria la shaba,
sukari, samli, zafarani, saa ya tatu ya kukoroga,
mguu ukateleza.
Maji ya moto hukuunguza yakapita.
Haluwa haipiti. Haluwa hung'ang'ania.
Walimchuna paja wakambandika, haikutosha.
Siku arubaini kidonda kiko wazi, kiwiko mpaka ubavuni,
kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Sista Lijimol anasafisha. Hilal anauma taulo.
Akilitema ananiuliza, kwa Kiswahili cha mama yake,
"Hii ngozi ya nani?"

Namwambia kweli. Si yako, na haitakaa.
Siku kumi, kumi na mbili, itakwisha.
Lakini kabla ya kwisha husema,
hutoa neno, mengine bado hatujayajua maana,
na ngozi yako mwenyewe, iliyozubaa pembezoni,
husikia, huinuka, huanza kutambaa.

Akacheka, kicheko kikamuuma.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Methali hiyo nimekua nayo.
Kila hodi ikipigwa mama aliitamka
huku anahesabu vitumbua vilivyobaki.
Sikuwahi kuiona ikitandazwa kwa koleo,
mikono miwili yenye glavu, pumzi nimeibana.

(Kitanda cha pili haikushika.
Nimeandika kwenye daftari: haikushika.
Hakuna neno jingine.)

Siku ya kumi na nne bendeji inafunguliwa.
Ngozi imefika ng'ambo mpaka ng'ambo.
Nyembamba, inang'aa, haina kinyweleo hata kimoja,
haijui bado jua la Julai la Batina.
Nakata kipande kidogo kama punje ya ufuta,
nawatafuta wageni kwa darubini na vipimo vyote.
Hakuna. Yote ni Hilal.

Anajikuna ukingoni, Sista anampiga kikofi.
"Wameondoka lini?" anauliza.
Siku haijulikani, namwambia. Hawaagi.
Anautazama mkono wake kitambo.
"Na sikuwapa hata kahawa."