Mara Mia kwa Sekunde

Mwashi aliileta kwenye baiskeli ya mkaa,
imeviringwa kanga, imekazwa kwa kamba ya katani:
redio ya ridhaa ya marehemu baba yake,
mpiga simu wa reli hapa Tabora,
nzito kama jiwe la kusagia.
"Ina nyuki ndani," akasema.
Hapa kwetu kila kinachovuma ni nyuki
mpaka kithibitike vingine.

Niliitangulizia balbu ya wati sitini
isije ikaniunguzia kibanda.
Valvu zikaona haya, zikawa nyekundu,
ndipo ikaja: mmmmm.
Nikashusha sauti mpaka sifuri. Mmmmm.
Nikachomoa antena. Mmmmm.
Nikang'oa valvu ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kama anayetoa watoto chumbani mmoja mmoja
ajue nani anakoroma.
Mmmmm.

Sina mashine ya kuchora mawimbi.
Nina sikio la kushoto,
na ninayo transfoma ya nguzoni, kule kona ya Isevya,
inayovuma mara mia kwa sekunde usiku na mchana
na haijui noti nyingine.
Redio ikivuma sawa nayo,
kapasita za kuchuja zimekauka.
Ikivuma kwa nusu yake, chini zaidi,
nitafute waya wa ardhi, au moto wa valvu unaovuja.

Basi nikaibeba sauti mdomoni.
Nyumba kumi na moja,
midomo nimeifumba, noti iko kooni
kama maji kwenye kiganja.
Nyanzobe, na sinia lake la michembe:
"Mwangaluka, Kalunde!"
Nikaitikia kwa nyusi.
"Mwangaluka!" mara ya pili, sasa kwa sauti ya kesi.
Mmmmm, nikasema, nikapita.
Nyuma yangu nikasikia: "Fundi siku hizi amevimba.
Kisa bisibisi."

Chini ya nguzo nikasimama.
Juu mmmmm, ndani yangu mmmmm,
na kati yake hapapiti wembe.
Kapasita.

Nikazima, nikangoja.
Volti mia tatu hazifi kwa swichi;
hilo Lugusha alinifundisha
kwa kidole alichopungukiwa.
Mkono mmoja mfukoni, wa pili na rezista,
nikazikamua mpaka sindano ya mita ikalala.
Kapasita nzima nikaiegemeza ubavuni mwa kongwe,
nikawasha,
na mvumo ukakatika
kama muongo aliyeguswa bega.
Nikazima, nikakamua tena. Nikakata, nikasolda. Moshi ukaniliza jicho moja.

Saa kumi Mwashi akarudi.
Tukakaa na kimya kile, yeye akidhani nimeiua,
nami, kusema kweli, nikidhani hivyo hivyo.
Nikazungusha kidogo, masafa mafupi,
na huko mbali, nyembamba,
nyuma ya mikwaruzo ya radi za ng'ambo ya ziwa:
taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa.
Mimi herufi hizo sizisomi.
Mwashi alikuwa anaziandika kwa ukucha kwenye meza yangu,
mtoto aliyelala miaka yote chini ya meza ya baba.
"Anaita," akasema.
"Nani?"
"Hataji mtu. Anaita yeyote."

Tukakitazama kitufe cha kupigia,
shaba imeota ukungu wa kijani,
na leseni ilikwisha pamoja na mwenyewe.
Akaita tena.
Akanyamaza, kama anayetega sikio mlangoni,
akaita tena.
Mwashi akaondoa ukucha mezani.

Nilifunga mapema.
Nyanzobe alikuwa anakunja gunia,
jua limezama, salamu ya saa ile ni nyingine kabisa,
lakini nilimjibu ile ile ya asubuhi,
mara mbili, kama alivyoita.
"Aa," akasema, "kumbe ulikuwa unaumwa jino."