Uyoga wa Shangazi Thirza

Uyoga haungoji.
Ukichumwa alfajiri msituni nje ya Ludlow,
adhuhuri umeshavunjika shingo,
jioni umekuwa wino mweusi sahanini.
Kwa hiyo shangazi yangu, Thirza Gathercole,
alichora kofia ikiwa bado kichwani,
matope ya buti yakikaukia zuliani,
na Bi Prosser wa jikoni akiguna mlangoni:
"Hicho nacho ni chakula, au ni maiti?"

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu maji:
kikombe cha kuoshea brashi, kikombe cha kuchanganyia,
na ole wangu nikivikosea.
Nikamuuliza rangi nyeupe iko wapi,
maana kisandukuni sikuiona.
Akagonga karatasi kwa ukucha.
"Nyeupe haipakwi, Dorcas. Nyeupe huachwa."

Kisha akailamba brashi ichongoke,
ikiwa na kijani kile kizuri,
kijani ambacho leo najua
kilizaliwa tumbo moja na sumu ya panya.

Miaka kumi na mmoja. Picha mia mbili na sita.
Kasisi Tuke alilipa shilingi tatu kila moja,
mara nyingine alilipa kwa mayai.
Picha zikapanda treni kwenda London,
huko mchongaji akazihamishia kwenye kibao;
kila penye unyevu pakawa mstari,
ukungu wa Novemba ukawa mikwaruzo.

Kitabu kikaja. Ngozi nyekundu, jina la kasisi kwa dhahabu,
la mchongaji chini ya kila picha.
La shangazi nikalitafuta kurasa zote
nikilia kwa hasira, yeye anakata mkate.
"Fungua wa arobaini," akasema.
Konokono asiye na nyumba anapanda shina,
na ute aliouacha nyuma, ukiinamisha kitabu kwenye taa,
ni T, halafu ni G.

Mchongaji alikuwa amekata kila kona kwa uaminifu
bila kujua anaandika nini.
Kasisi alimwonyesha askofu ukurasa uo huo,
akausifu ute.

Sasa kisanduku ni changu.
Rangi zimepasuka kama tope la kiangazi,
isipokuwa kijani, ambacho sithubutu kukigusa.
Chini yake nimekuta karatasi moja, ya wiki ile ya mwisho:
kofia imepakwa, kahawia juu ya kahawia,
shina ni karatasi tupu.
Sijui kama aliliacha,
au uyoga ulimwahi.