Chini kwa Unywele Mmoja

Blaž ameshaiegesha nje ya gereji yake, Bovec:
ndefu, rangi ya vumbi, punda aliyelishwa vizuri,
kiti bapa, masanduku mawili ya bati mbavuni.
"Moja kwa moja," anasema. "Yangu kwako, yako kwangu,
hakuna wa kumwongeza mwenziwe hata senti."
Anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

Yangu bado ina joto. Nyekundu.
Inapoa kwa mlio mdogo, tik, tik,
kama mtu anayehesabu deni.

Mimi ni fundi wa piano. Mikono hii ndiyo shamba langu.
Miaka tisa nimelala kifudifudi juu ya tangi hilo,
uzito wote umeegemea vifundo vya mikono,
na siku hizi nikishika ufunguo wa kukazia nyuzi
kidole gumba hufa ganzi kabla ya oktavi ya tatu.
Mkoba wa zana haubebeki. Hutangulia kwa basi,
nami huufuata nyuma, mume aliyeachwa.

Na kwa Bi. Ivanka Kravanja, kule juu Trenta,
lami inakomea kwenye zizi la kondoo.
Kilomita mbili za changarawe zilizobaki
huzitembea, kofia ngumu kwapani.
Juzi alinifungulia mlango akacheka:
"Umekuja na roketi, mwanangu, ukafika kwa miguu."

Najua. Haya yote nayajua.
Dada yangu Nežka kaniandikia karatasi, safu mbili,
faida huku, hasara kule, chini kapiga mstari kwa rula.
Karatasi haina masikio.

Nani atamweleza Nežka kona ya ishirini na nne
(njia ya Vršič ina kona hamsini, kila moja na namba yake),
alfajiri, mwezi wa Mei, theluji imebaki mitaroni tu,
unashusha gia, unaning'inia kando, goti likinusa lami,
na ukitoka konani injini inapanda, inapanda,
hadi elfu kumi na tatu na mia mbili,
na hapo, hapo hasa,
inaimba la.
Safi. Ningeweza kuipatanishia okestra.
Uma wangu wa chuma tu ndio unaoijua noti hiyo hivyo.

Nimeijaribu ya Blaž leo asubuhi. Nilikaa wima, mgeni mezani.
Ikapanda hadi kwa Bi. Ivanka bila kuuliza njia,
kondoo wakapisha,
zana zangu zikigongana sandukuni,
mara ya kwanza kuzisikia zikisafiri nami.
Injini? Ilikoroma. Noti fulani kati ya mi na fa,
isiyo ya yeyote.

Nikaifungua piano. Nikaanza na la, kama siku zote,
kisha mi iliyo juu yake. Nikaukaza uzi
hadi mitetemo miwili ikawa mmoja na chumba kikatulia.
Hapo ndipo mwanagenzi hutabasamu na kuacha.
Mimi nikaushusha. Kwa unywele mmoja.
Ndivyo nilivyofundishwa: ukiacha kila jozi safi,
wimbo mmoja utang'aa na kumi na moja zitalia mbwa mwitu.
Basi unaiba kidogo hapa, kidogo pale,
kila noti inasema uongo wake mdogo,
na mtu anaweza kucheza chochote.
Miaka thelathini nafanya hivi, sikuwahi kuililia mi.
Leo mkono ulisita.
Bi. Ivanka akaleta chai, akauliza kama kuna uzi uliokatika.

"Basi?" anasema Blaž. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda."
Lakini macho yake yako kwenye ile nyekundu.

Navua glavu. Ganzi imefika kidole cha pili.
"Iwashe tena," namwambia, "hiyo yako. Usiipe mafuta.
Iache ingurume tu."
Nainama, natega sikio karibu na bati,
kama nifanyavyo kwenye piano ya mtu nisiyemjua,
nikitafuta pa kuanzia.