Daraja

Usiisugue tena, Shaame. Iweke hapo
juu ya kitambaa, mbali na kikombe cha kahawa.
Mikono yako ina chumvi; ishike ukingoni
kama unavyomshika kaa.

Nianze na hii nyeusi, unayoipenda.
Rangi ya halua iliyopoa,
ukijani kidogo mabondeni mwa herufi,
uzee umeenea sawasawa kote,
na hapo ndipo iliponitia shaka.
Mtu huzeeka magoti kabla ya masikio.
Sarafu nayo hulika palipoinuka,
penye vidole vya watu, penye mfuko,
si kila mahali kwa mpigo mmoja.
Hii imezeeshwa siku moja, ndani ya ndoo.
Tazama ukingo: mshono wa kalibu,
wamepiga tupa wee, haukwisha.
Idondoshe kwenye marumaru. Umesikia?
Tap. Kokwa ya embe.

Sasa hii ya pili, inayong'ara
hata uliona haya kuitoa.
Lenzi ya saa nimeibana jichoni, nipishe mwanga.
Elfu moja mia mbili tisini na tisa, kwa hijra.
Mkia wa herufi umelika, kichwa chake bado.
Mizani imechongwa mgongoni, vitanga viwili,
nami naiweka juu ya mizani ya sonara,
mizani inapima mizani, usicheke:
gramu sita na ushei. Sawa.
Idondoshe.
Ngoja.
Ngoja, bado inasema.

Hii ndiyo pesa yenyewe, yakhe,
toka neno hilo lilipokuwa jina la kitu kimoja
unachoweza kukificha chini ya ulimi.

Lakini nani kaiosha?

Unatazama ndara zako.
Mama, unasema. Jana, baada ya isha.
Ndimu mbili na jivu la vifuu.
Alisema huwezi kupeleka kitu kichafu
nyumbani kwa watu.

Ninaiona kazi yake humu. Mikwaruzo
myembamba kama nywele, yote imelalia upande mmoja,
upande wa mkono wa mtu aliyekaa kigodani
na hakuinuka mpaka kumalizika.
Miaka mia na arubaini ya giza jema
imekwenda na maji ya karo.

Mimi nimekaa kituo cha karafuu, Wete,
misimu thelathini na moja.
Nikitia mkono guniani hadi kiwiko,
nikivunja moja kwa ukucha, nikinusa,
nikitaja daraja, na karani anaandika.
Babako Faki alileta magunia manne
mwaka ule mvua ilipokataa kwisha.
Mpeta tupu. Alijua kabla yangu.
Akanambia tu: nimezianua mara kumi na tisa
kwa siku moja, mimi na Mgeni na jamvi letu.
Fomu ile haikuwa na mahali pa kumi na tisa.
Nilisema tatu. Akachukua risiti,
akaikunja mara mbili, akanipa mkono.

Mkono ule ningali nao.

Basi. Kalamu.
Nyeusi: bandia.
Ya pili: halisi. Imesuguliwa.
Yule mnunuzi wa Mkunazini akisoma neno hilo la mwisho
atakupa robo, na atajifanya anakuhurumia.
Usinitazame hivyo. Nikiandika jingine
mshono utakuwa ukingoni mwangu.

Robo ni robo, utaiuza au hutaiuza,
hilo halimo katika kazi yangu.
Ifunge kwa karatasi, si nailoni, nailoni hutoa jasho.
Nyeusi mpe mwanao achezee duka.
Na mama akikuuliza leo jioni
usianze habari za Mkunazini.
Mwambie fundi kaitia jichoni, kaigeuza,
kasema imetakata.